Jina Lisilo na K

Ka-cha!

Juma lililopita tuliwaacha watu wanne chumbani, na kufuli likining'inia wazi mlangoni. Sasa limefungwa. Limefungwa kwa nje, msomaji, na aliyelifunga hakusema hata samahani.

"Nani huyo?" Mkasi alipiga kelele, akaurukia mlango kwa bega. Mlango ulikuwa wa chuma. Bega ndilo lililolia.

"Mimi," ilijibu sauti ya utulivu. "Rula."

Mkasi akashusha pumzi, akacheka. Rula alikuwa mwenyekiti wa chama chake, seremala aliyeitwa hivyo kwa kuwa alipima kila kitu, hata watu. "Komredi Mwenyekiti! Umetufungia kwa bahati mbaya. Fungua, bwana, humu ni tanuri."

"Si bahati mbaya."

Cheko likamkauka Mkasi mdomoni.

Ukutani palikuwa na kidirisha cha kupokelea kazi za wateja, upana wake kiganja na nusu, kifuniko chake kikifunguliwa kutoka upande wa dukani tu. Kikafunguliwa. Likapenyezwa gazeti la serikali la asubuhi ile.

"Someni ukurasa wa kwanza," alisema Rula. "Tamko letu la pamoja, ambalo bado hatujalitoa, limekwisha kutolewa. Neno kwa neno. Waliolijua ni nyinyi wanne. Saa tisa king'ora cha karakana kitalia na zamu itatoka. Nataka tangazo lililochapwa kwa mashine hiyo hapo: *Msaliti ni fulani.* Nitalipokea kwa mkono wangu na kulibandika getini kwa mkono wangu. Watatu wataenda makwao."

"Na wa nne?" aliuliza Muuguzi.

"Wa nne, vijana wangu hawa walio nami hapa nje watamsindikiza relini."

Kifuniko kikashuka. Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo.

Wa mwisho kusindikizwa relini na vijana wa Rula alirudi kwao ndani ya blanketi.

Hebu tuwatazame hawa wanne haraka, maana dakika haziwasubiri. Mwenye chumba ni Nukta, mpanga herufi, mwanamke mfupi wa vidole vyepesi. Dukani kwa mbele huchapa kadi za harusi na matangazo ya misiba. Chumba cha nyuma huchapa yale ambayo serikali haitaki yasomwe. Mkasi ni kaka yake, tumbo moja, fundi wa karakana ya reli iliyo mkabala na duka, mtu wa Chama cha Nyundo hadi kwenye kucha. Mwalimu ni mume wa Nukta, kalamu ya Chama cha Jembe. Na Muuguzi ni mama wa makamo asiye na chama, katibu wa mapatano. Amewazalisha wake wa wanachama wa pande zote mbili, kwa hiyo hakuna mwanamume wa mapinduzi anayeweza kumtisha.

Zamani chama kilikuwa kimoja. Kilipasuka kwa silabi moja.

Nyundo walitaka katiba iseme: *Tutawaongoza wakulima.* Jembe wakataka: *Tutaongozana na wakulima.* Kwa ile *na* iliyoning'inia mwishoni mwa kitenzi, watu walihama nyumba. Wachumba walirudishiana barua. Mkasi na Mwalimu, mashemeji waliokuwa wakila sahani moja, walikaa miaka mitatu bila salamu. Serikali ilifurahi kuliko wote.

Muuguzi ndiye aliyewarudisha mezani. Kesho asubuhi, reli na mashamba yangegoma siku moja, kwa mara ya kwanza. Na maneno ya mapatano aliyatafuta yeye mwenyewe, yasiyo ya huyu wala ya yule: *Tutakwenda bega kwa bega na wakulima.*

Mkasi alilikunjua gazeti. Midomo yake ikacheza. Kisha akasimama wima.

"Sikilizeni hii. *Tutasimama pamoja na wenye majembe.*" Akalipiga gazeti kwa mgongo wa mkono. "Wenye majembe! Nani husema hivyo humu ndani? Sisi Nyundo hatusemi hivyo hata usingizini. Shemeji, ulimi umekuponza."

"Sikuandika hivyo, ndugu yangu," alisema Mwalimu.

"Ndugu yangu ni mke wako. Mimi niite komredi."

"Basi komredi, sikuandika."

"Gazeti limeota?"

"Uliza gazeti."

"Nakuuliza wewe! Na livue hilo koti, watu tunayeyuka humu, wewe umevaa kama unakwenda kuposa. Au hata jasho lako linangoja maelekezo ya chama?"

Mwalimu hakulivua. Alilivuta likamkaa karibu zaidi.

"Wanangu," alisema Muuguzi, "mkitaka kupigana piganeni taratibu, sikuja na uzi wa kushonea."

Mkasi hakusikia. "Mama, mtu ndiye huyu. Neno ni la kwao. Naandika jina lake sasa hivi, na dada yangu ataniwia radhi."

Nukta alisogea. Alilichukua gazeti, akaisoma sentensi ile mara moja tu. Akalikunja upesi.

Kwa sababu maneno yale hayakuwa ya Jembe, wala ya Nyundo, wala ya Muuguzi. Yalikuwa yake.

Msomaji, utacheka. Kasha la herufi la Nukta lilitoka ng'ambo, kwa watu ambao kwao *k* ni mgeni wa kupita. Walimpimia herufi kwa lugha yao. Wakamjazia *q* na *x* za kumtosha mpaka wajukuu, na *k* kiganja kimoja. Sasa jaribu kuandika mgomo wa wafanyakazi na wakulima wa lugha yetu kwa *k* za kiganja kimoja! Siku zote zilikuwa chache. Juzi zilikuwa chache kupita kiasi. Alifika aya ya mwisho akatia vidole kwenye kisanduku cha *k*, akagusa ubao. Akajilaumu kwamba nyingine amezisahau kwenye kadi za harusi. Muda hakuwa nao. *Tutakwenda bega kwa bega na wakulima* ina *k* tatu. Akaibadili papo hapo, kwa maneno yasiyo na hata moja: *Tutasimama pamoja na wenye majembe.* Kesho yake angewaeleza, wangecheka wote.

Alitoa prufu moja tu, ile karatasi ya kwanza ya kujaribia makosa. Moja.

Na jana alasiri prufu ile ilichukuliwa na mtu mmoja. Alisimama pale pale mlangoni, akanyoosha mkono, akasema, "Lete, dada, nikaisome kwa utulivu."

Mkasi.

Akimsafisha mumewe, anamchafua kaka yake. Akinyamaza, kaka yake anamtia mumewe kamba. Mama yao alikuwa akisema: mume utaolewa na mwingine, kaka hutazaliwa naye mwingine. Lakini mama yao hakuwahi kufungiwa chumba kimoja na wote wawili.

"Nukta," Muuguzi alimwita. "Wewe una neno. Nimewaona wanawake wengi wakibana pumzi, najua wa uchungu na wa siri."

"Sina."

"Unalo."

Saa nane na dakika ishirini na tano.

Mkasi alikwisha kuchukua penseli. Aliandika *Msaliti ni M*, na Nukta akasikia mkono wake mwenyewe ukimshika kaka yake kifundo.

"Ni yangu," alisema. "Wenye majembe ni yangu. *K* ziliniishia."

"Nini zimekuishia?"

Akaeleza. Alieleza upesi, macho yake sakafuni, na alipofika kwenye prufu akanyamaza. Hakutaja aliyeichukua. Hapakuwa na haja. Penseli ilianguka kutoka mkononi mwa Mkasi ikaviringika mpaka chini ya mashine.

"Dada," alisema polepole. "Unasema mimi?"

"Nasema prufu ilikuwa moja."

"Mimi niliyekubeba mgongoni tukivuka mto? Mimi ndiye niliyeuza?"

"Sijasema umeuza. Nauliza ulimpa nani."

Mwalimu alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza. Mkasi aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Nilifuata utaratibu," alisema. "Kila karatasi kwanza kwa mwenyekiti. Nilimpa Rula."

Tusi, msomaji, si zuri gazetini, kwa hiyo sitaandika alilosema Muuguzi. Alikwenda kwenye kidirisha, akakigonga kwa pete. Kifuniko kikapanda.

"Mwanangu Rula, watoto wako wote wanne nimewapokea mimi. Niambie kweli. Tamko hili uliliona kabla ya leo?"

"Hata herufi moja, mama. Nimelisoma asubuhi hii gazetini, kama watu wengine. Kwa nini?"

"Mama mtu mzima lazima aulize."

Kifuniko kikashuka. Mkasi akaketi juu ya rundo la karatasi, mzima mzima, kama mzigo ulioachiwa.

"Nilimtia mkononi," alinong'ona. "Alisoma mara mbili. Akanisifu kwa utii."

Basi kumbe hapakuwa na korti. Palikuwa na tundu la ndege, na mwenye tundu ndiye aliyemwita paka.

"Anataka jina la Mwalimu," alisema Muuguzi. "Likibandikwa getini kwamba mtu wa Jembe ameuza, Jembe watajua ni uzushi wa Nyundo. Hawatagoma kesho. Mashamba yatalima, reli itabaki peke yake, na wenye bunduki watapata kazi nyepesi."

"Tuwaite vijana walioko nje," alisema Nukta. "Tuwaambie."

Mkasi alitikisa kichwa. "Hawataamini. Wamefundishwa kwamba mwenyekiti hakosei."

"Nani aliwafundisha ujinga huo?"

"Mimi."

Nukta alimpita, akasimama kwenye mashine.

"Basi tuandike jina lake yeye," Nukta alisema. "Rula."

"Anaipokea karatasi kwa mkono wake, dada. Ataikunja, ataitia mfukoni, atasema tumekataa. Hakuna atakayeisoma." Mkasi alisimama. Alijifuta uso kwa kofia. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufika. "Andika langu."

"Umerukwa na akili."

"Sikiliza. Msaliti akiwa mtu wa Nyundo, Jembe hawana sababu ya kujitoa. Watatucheka, lakini watagoma. Rula hawezi kulikataa jina, aliliomba mbele ya vijana wake. Nyinyi watatu mnatoka. Mnakwenda kusema ukweli mahali pa kusikiwa."

"Na wewe?"

"Mimi nilibeba karatasi. Mbeba moto ndiye anayenuka moshi." Akamgeukia Mwalimu, akajaribu kutabasamu. "Shemeji, umeshinda. Umemwoa dada yangu na sasa unaniona naondoka. Mtunze. Anakoroma, lakini utazoea."

"Nimekwisha kuzoea," alisema Mwalimu.

Nukta alimtazama mumewe. Alingoja. Neno lilikuwa moja tu, jepesi, la silabi tatu: *hapana*. Mtu wa maneno kama yeye, aliyeweza kuhutubia saa mbili juu ya kiambishi, angelipata.

"Labda," Mwalimu alisema, akitazama viatu vyake, "labda kwa hali ilivyo, ni busara."

Saa nane na dakika arobaini.

Akavuta kasha. Akashika kibao cha kupangia. Mpanga herufi hufanya kazi kwa vidole, macho huenda kwingine, na vidole vyake vilianza vyenyewe: *M, s, a, l, i, t, i.* Nafasi. *n, i.* Nafasi. *M.*

Sasa *k*.

Vidole vikaingia kisandukuni, vikagusa ubao.

Bila shaka. *K* zote chache alizokuwa nazo zilikuwa ndani ya ukurasa wa tamko, na ukurasa huo Muuguzi alikuwa ameufunga kamba asubuhi, kwa kuhofia msako, akauficha hospitalini chini ya mashuka. Nukta alikwangua pembe za kisanduku kwa ukucha. Akakigeuza. Likaanguka vumbi.

"Nini?" aliuliza Muuguzi.

"Mkasi lina *k*."

Wakatazamana. Na Nukta, ambaye hakuweza kuliona neno bila kulihesabu herufi, alilihesabu la pili bila kutaka. *M, w, a, l, i, m, u.* Zote zilikuwepo. Kasha lilikuwa limejaa jina la mumewe. Jina la kaka yake halikuweza kuliandika.

Kasha lenyewe lilikuwa limekwisha kukata hukumu.

"Tafuta," alisema Mkasi, akawapa mgongo, akaweka sikio mlangoni. "Tafuta hata moja. Nawasikia watu nje. Wengi."

Jasho lilimwingia Nukta machoni. Vidole vilikuwa na wino, hakuweza kujifuta.

"Nipe leso," alimwambia mumewe.

"Sina."

"Asubuhi nilikutia mwenyewe mfukoni."

"Nukta, sina."

Leso ilichungulia mfukoni mwa koti. Akanyoosha mkono, Mwalimu akarudi nyuma, mashine ikamzuia. Mkono wa Nukta ukazama mfukoni, ukaikuta leso. Chini ya leso ukakuta vitu vingine. Vidogo. Vizito. Vya baridi katika joto lile lote.

Hakuhitaji kuvitazama. Mwanamke anayajua meno ya mwanawe kwa kidole. Aliisoma herufi ile ya risasi kwa ncha ya kidole gumba: mti uliosimama, mkono juu, mguu chini.

*K.* Na nyingine, *k.* Ishirini, labda zaidi.

"Ni nini hizi?" aliuliza kwa sauti ambayo Mkasi hangeisikia.

Mwalimu alifumba macho. "Nilitaka neno moja tu, mke wangu."

"Neno gani?"

"Unalijua." Alinong'ona mbio mbio, kama mtoto aliyefumwa jikoni. "Bega kwa bega! Ni neno la nani hilo? Halina rangi. Sisi tulistahili alama yetu moja kwenye tamko, moja tu. Nilijua *k* zikiisha utaandika nini. Unakumbuka mwaka jana, kadi za ushirika? Ni mimi niliyekuambia: zikikuishia, wakulima waite wenye majembe."

Alikumbuka. Walicheka sana siku ile.

"Ukaniibia kwenye kasha langu."

"Nilikuwa nizirudishe leo. Ndiyo maana sikuvua koti."

"Na kaka yangu amesimama hapo anajitoa kwa ajili yako. Na wewe una *k* zake mfukoni. Na ukasema ni busara."

Mwalimu alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Kalamu nzima ya Chama cha Jembe, na kazi aliyoipata ikawa vifungo.

Muuguzi alikuwa ameona yote. Alisogea, akasimama kati yao na Mkasi, ili Mkasi akigeuka auone mgongo wake.

Saa nane na dakika hamsini na sita.

Nukta alikuwa na *k* kiganjani. Sasa aliweza kuliandika jina lolote. Aliweza kumaliza la kaka yake, ambaye kosa lake lilikuwa kutii. Aliweza kuandika la mumewe. Chumba kilimbana, kuta nne na wanaume wawili, na kila njia ya kutokea ilipita juu ya mtu wake.

Akafumba ngumi juu ya zile *k*. Kwa mkono wa pili akaitoa *M* iliyokuwa ikingoja kwenye kibao, akairudisha kisandukuni mwake. Hata kama karatasi ingeishia mfukoni mwa mtu, ingeishia ikiwa kweli. Akachukua herufi nyingine nne. Vidole havikusita hata mara moja. Akabana, akapaka wino, akalaza karatasi, akavuta mkono wa mashine.

King'ora kikalia. Karakana ikaanza kutapika watu. Mtaa ukajaa viatu.

Kidirisha kikagongwa mara tatu. "Karatasi," ilisema sauti ya Rula.

"Ulipata *k*?" aliuliza Mkasi bila kugeuka.

"Sikuihitaji," alisema Nukta, na akaipenyeza karatasi, wino ukiwa bado mbichi.

Mkono ukaipokea. Nukta akauona vizuri. Rula alikuwa seremala mwenye mikono ya shati iliyokunjwa hadi kwenye kiwiko. Mkono huu ulikuwa mpana, na kwenye pindo la sare yake ya kaki, sare ya polisi, viling'aa vifungo vitatu vya shaba.

"Lete hapa, afande," ilisema sauti ya Rula, karibu, kwa haraka. "Hiyo ni yangu."

"Ngoja," ilijibu sauti nene. Ilikuwa ya mtu asiyeweza kusoma ila kwa kutamka, na aliyezoea kutamka uwanjani. "Msa-li-ti ni... Ru-la."

Nje ya mlango wa duka uliokuwa wazi, viatu vyote vikasimama.

"Haya," alisema mwenye vifungo, akiuuliza mtaa mzima. "Rula ndiye nani?"

Na kwenye kufuli, upande wa nje, ufunguo ukaanza kuzunguka.